Shangazi, mtoto wa kliniki ana kovu na bibi yake anasema ilikuwa lawalawa

Shangazi shikamoo, pole na majukumu. Naomba jina langu ulifiche maana huku tunajuana wote. Mimi ni nesi kwenye zahanati moja Singida vijijini, nimepangiwa kazi huku nikitokea mkoa mwingine kabisa kwa hiyo hata lugha yao naiokoteza tu, kina mama wakianza kuongea wao kwa wao naambulia maneno mawili matatu basi.

Iko hivi, juzi ilikuwa siku ya kliniki na foleni ilikuwa ndefu kama kawaida, akaja binti mmoja, nasema binti kwa sababu ana kama miaka 19 tu, kaja na mtoto wake wa kike wa miezi mitano, ameongozana na mama mkwe. Mtoto alikuwa hajapata chanjo ya Penta ya tatu na mama akasema siku hizi akikojoa analia sana. Nikamvua nepi nimuangalie kama ni vipele au fangasi. Shangazi, pale juu ambapo kwa mtoto wa kike panatakiwa kuwe na kile kinyama kidogo kilichofunikwa, pako bapa, halafu kuna kamstari keupe kama kovu, na chini yake ni kama mashavu madogo ya uke yameshikana upande mmoja. Nikauliza huyu alipata nini huku? Binti akaangalia chini. Bibi ndo akajibu, "Alikuwa na lawalawa, tumeshaimaliza." Akamchukua mtoto, akamfunga nepi, wakaondoka hata chanjo hawakusubiri.

Nikaenda kwa inchaji wangu, yaani msimamizi wa zahanati. Akaniambia andika UTI (maambukizi ya mkojo), toa dawa, endelea na foleni. Nikamwambia bosi hii sio UTI peke yake, akasema ukianza kushika hayo mambo hapa wamama watahamia kuzalia majumbani, chanjo zitashuka na wilayani watatuuliza sisi, halafu wewe mwenyewe utalala nje. Na hapo kwenye kulala nje anajua anachosema maana chumba nilichopanga ni cha shemeji yake huyo bibi, na mwenyekiti wa kitongoji naye ni wa ukoo huo huo.

Usingizi sina. Kwanza nawaza je kama nimeona vibaya? Chuoni ukeketaji tulifundishwa nusu kipindi, tena picha zilikuwa za wanawake wazima. Nimewaza nimwite binti arudi nimuangalie tena vizuri kwa tochi, au nipige picha nimtumie rafiki yangu ambaye ni daktari Dodoma kwa wasapu aniambie. Pili, nikiripoti naripoti wapi, polisi, kijijini, au wapi? Na huyu binti atafungwa? Mtoto bado ananyonya jamani. Nilivyomuona ni kama naye anaogopa tu mama mkwe.

Halafu nimesikia nyumbani kwa huyo binti mke wa shemeji yake naye kajifungua mtoto wa kike, ana kama wiki tatu hivi.

Naomba unijibu haraka Shangazi.

Nesi wa kijijini

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirusha foleni, waliotangulia wanisamehe, yao inaweza kungoja wiki ijayo na ya kwako haiwezi.

Umeniandikia yote hayo kuhusu mtoto wa miezi mitano halafu yule wa wiki tatu umemtupia mwishoni kwa mstari mmoja kama vile umemkumbuka wakati unafunga bahasha. Mimi naanza na huyo. Wa miezi mitano kama kweli alikeketwa basi limeshatokea, anahitaji matibabu, anahitaji ulinzi, yote tutayasema, lakini wembe umeshapita. Wa wiki tatu yuko nyumba ile ile, bibi ni yule yule, na siku akitoka vipele viwili vya nepi atatangaziwa kuwa naye ana lawalawa, huo ugonjwa wa kuwashwa huku chini ambao dawa yake eti ni kukatwa. Kwa hiyo usingoje Jumatatu, usingoje kikao cha wafanyakazi, usingoje inchaji abadilike moyo. Ukimaliza kusoma hapa chukua simu.

Unampigia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Namba yake utaipata ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya au kwa mtendaji wa kata. Ukimkosa, piga 116, hiyo ni namba ya bure ya msaada kwa mtoto, wanachukua maelezo halafu wanayafikisha kwa ustawi wa eneo lenu, na ukiwa na hofu waambie hutaki jina lako litajwe. Najua utaniuliza mbona sio mwenyekiti, si ndo utaratibu kuanzia chini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Halmashauri nayo ni mamlaka ya serikali za mitaa, mwanangu. Hakuna kifungu kinachokulazimisha uanzie kwa mtu wa ukoo wa bibi, na ukianzia kwake nakuhakikishia jioni hiyo hiyo yule wa wiki tatu atakuwa kashapelekwa kwa ndugu kijiji cha mbali na hakuna atakayejua yuko wapi.

Polisi wanaingiaje? Kwenye vituo vikubwa kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na ustawi akishapokea taarifa yako hao ndio wenzake wa kazi, wanashirikiana. Ila ukisikia fununu kwamba ngariba keshaitwa au wanajiandaa usiku wa leo, hapo usisubiri ustawi apokee simu, nenda au piga polisi moja kwa moja.

Sasa lile linalokusumbua zaidi, je kama nimeona vibaya. Soma tena hicho kifungu nilichokuandikia, ushahidi AU taarifa. Hakisemi uwe na uhakika, hakisemi uthibitishe, na wewe taarifa unayo, tena nyingi kuliko unavyofikiri: umeona kovu sehemu isiyotakiwa kuwa na kovu, mtoto analia akikojoa, na mtu mzima wa familia amekutamkia kwa mdomo wake kwamba lawalawa wameimaliza. Hata ungekuwa hujaona kitu kabisa, hayo maneno ya bibi peke yake kwa mkoa wa Singida au Dodoma yanatosha kuinua simu. Kuthibitisha ni kazi ya watu wengine na wana vifaa na muda, wewe kazi yako ni kuona na kusema ulichoona. Kwenye simu usiseme "wamemkeketa mtoto", sema nimeona hivi, nimeambiwa hivi na fulani, mtoto anaishi hapa, na nyumba hiyo kuna kichanga kingine cha kike. Ukisema hivyo hata ikija kuonekana umekosea, hujamsingizia mtu.

Na unaweza kweli kuwa umekosea, sikufichi, ndio maana nataka mtoto aangaliwe na mtu anayejua. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kukaa kwenye hii safu na nakwambia maumbile ya kichanga cha kike yanadanganya watu, hata madaktari. Kuna mashavu madogo kushikana yenyewe tu, bila kukatwa na mtu, ni kawaida kabisa kwa watoto wa kuanzia miezi kadhaa mpaka miaka miwili mitatu, unaona kamstari kembamba kanakong'aa katikati na mtu asiyejua anasema huyu kashonwa, kumbe ni ngozi laini imegandana kwa sababu mwili wa mtoto hauna homoni za kutosha, na mara nyingi inaachia yenyewe. Mtoto wa hivyo anaweza pia kulia akikojoa. Kuna magonjwa ya ngozi yanayoleta weupe na kuwasha mpaka panafanana na kovu. Na kinembe cha kichanga kinaweza kuwa kidogo na kimefunikwa mpaka usikione usipojua pa kuangalia.

Tofauti kubwa ni kwamba mashavu yakishikana yenyewe kinembe na ile ngozi yake ya juu vinakuwepo pale pale. Wewe unasema pako bapa na kuna kovu. Hiyo ndo inayonitia wasiwasi mimi pia. Lakini kuna na upande wa pili ambao watu hawaujui, Shirika la Afya Duniani limegawa ukeketaji aina nne, ya kwanza wanakata kinembe au ngozi inayokifunika, ya pili wanakata na mashavu madogo, ya tatu wanaziba, na ya nne ni yale mengine yote, kuchoma, kutoboa, kukwangua, kuchanja. Kwa vichanga vya huko kwenu mara nyingi ni kukwangua au kukata kidogo sana, na kidonda cha mtoto mchanga kinapona haraka, kovu linaweza kufifia mpaka lisionekane kabisa. Kwa hiyo daktari akimuangalia akaandika "hakuna dalili", hiyo haina maana hakufanyiwa kitu, ina maana leo haionekani, na ustawi bado anatakiwa aendelee na ile nyumba. Vile vile daktari akikuta kovu kuukuu usitegemee atakwambia lilikatwa tarehe fulani, hakuna anayeweza, atasema tu kama kinachoonekana kinaendana na kukatwa au hakiendani.

Kwa hiyo lile wazo la kumwita umuangalie tena kwa tochi, achana nalo. Mtoto hatakiwi kuvuliwa na kila mtu mwenye shauku, leo wewe, kesho inchaji, keshokutwa mtendaji naye anataka kujiridhisha, nimeshaona mambo hayo na yanaumiza. Anatakiwa uchunguzi mmoja, unaofanywa na daktari mwenye uzoefu wa watoto au wa magonjwa ya wanawake, hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, mtoto akiwa mapajani kwa mama yake, miguu imefunguliwa kama chura, mwanga mzuri, mashavu yanatenganishwa taratibu kwa vidole na hakuna kitu chochote kinachoingizwa ndani. Hauchukui muda na hauumi. Daktari anachora mchoro, anaandika anachokiona sehemu kwa sehemu, nini kipo, nini hakipo. Ikishakuwa kesi ya polisi ndo inakuja PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, polisi wanaitoa, daktari anaijaza, inarudi polisi. Kama hospitali yenu ina kituo cha Mkono kwa Mkono nafuu zaidi maana daktari, ustawi na polisi wako sehemu moja na binti wa watu hazungushwi. Na kuna watu watakwambia bila PF3 mtoto hapokelewi, huyu anaumwa mwanangu, mtoto anayelia akikojoa anatibiwa kwanza, fomu itafuata.

Picha kwa wasapu usithubutu. Hata kwa huyo rafiki yako, hata uso usionekane, hata ukisema utafuta. Ni sehemu za siri za mtoto kwenye simu yako, halafu kwenye simu yake, halafu kwenye grupu la madaktari wenzake "jamani mnasemaje hapa", na hapo wewe ndo utakuwa na kesi ya kujibu. Picha kama zinahitajika zitapigwa hospitali na anayechunguza, kwa kibali, na zinahifadhiwa kwenye faili.

Wewe unachoweza kufanya sasa hivi ni kuandika. Tarehe, saa, nani alikuwepo, mtoto alikuja kwa shida gani, uliona nini, na yale maneno ya bibi uyaandike kama alivyoyasema, usiyatafsiri, usiyapambe. Binti aliangalia chini, andika aliangalia chini, usiandike "mama alionyesha hatia" maana hiyo hukuiona, umeihisi. Inchaji anakwambia andika UTI, je ulipima mkojo? Kama hukupima huwezi kuandika UTI, andika "maumivu wakati wa kukojoa, sababu haijajulikana, anahitaji rufaa", na hiyo ni kweli tupu, wala humkaidi mtu. Na tena rufaa hiyo unayo sababu yake ya kitabibu kabisa hata tukiweka pembeni ukeketaji, mtoto wa miezi mitano mwenye maumivu ya mkojo na sehemu iliyoshikana anatakiwa aonwe na daktari. Inchaji akigoma hata hiyo, mpigie mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, huyo ni bosi wa huduma yenu ya kliniki, umweleze kama mgonjwa anayehitaji rufaa.

Ila usimdanganye binti. Usimwambie nenda hospitali wakupe dawa ya mkojo halafu akifika anakuta afisa na askari wamekaa, hatakuja kumuamini mtu wa afya tena maisha yake yote, na atawaambia wenzake. Mtafute bila mama mkwe, unayo sababu ya kumwita, chanjo hajamaliza. Na kwa vile lugha inakupa shida tafuta wa kutafsiri ambaye sio wa ukoo ule, mhudumu wa kituo kingine au mwalimu kutoka mbali, usimtumie wifi yake hata kidogo. Ila hapa kuna mpangilio: ongea na ustawi KWANZA, mkubaliane lini binti anaambiwa, ili yule wa wiki tatu awe ameshafikiwa kabla habari haijafika nyumbani. Baada ya hapo mwambie kwa upole, mama fulani nilipomuangalia mtoto niliona kovu, linaweza kuwa ndilo linalomliza, nataka daktari amuone, na kwa sababu ya kazi yangu lazima nimweleze na afisa ustawi. Usimuulize "mlimkeketa?" Muulize ilikuwaje mtoto alipougua. Halafu nyamaza usikilize. Binti wa miaka 19 aliyeolewa kwenye nyumba ya bibi wa namna hiyo inawezekana kabisa alitoka kuchota maji akarudi akakuta mtoto wake anapakwa dawa ya majani, na inawezekana yeye mwenyewe alikatwa akiwa na umri huo huo na hajui.

Hapo niseme kidogo kuhusu hii lawalawa maana chuoni waliwapunja. Habari zake zilianza kuvuma Dodoma na Singida kuanzia miaka ya 1970, wakati serikali ilikuwa imeanza kukemea ukeketaji wa wasichana wakubwa na zile sherehe zake. Mtoto akiwashwa huku chini, akitoka vipele, harufu, uchafu, wanasema ana lawalawa, na dawa yake eti ni kukwangua au kukata. Yaani sherehe ilikufa, ngoma zikanyamaza, ila mkato ukahamia kwa kichanga na ukaitwa matibabu, na kwa kichanga hakuna anayejua, haendi shule mwalimu amuone, hasemi, hakimbilii nyumba salama kama mabinti wa Tarime wanavyofanya ule msimu wa Desemba. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kati ya wanawake waliokeketwa nchini asilimia 35 walifanyiwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Zaidi ya theluthi! Halafu tukisikia kitaifa imeshuka kutoka asilimia 10 hadi 8 kwenye utafiti wa 2022 tunapiga makofi, sawa ni habari njema na mimi nafurahi, lakini waliohesabiwa pale ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, hiki kichanga chako cha kliniki hakimo humo na hakitakuwemo kwa miaka mingi.

Na ugonjwa wenyewe upo, hapo ndo wengi mnakosea mkienda kijijini kusema lawalawa ni uongo. Mama anaona mwanae kawashwa kweli, ana wekundu kweli. Hiyo ni fangasi, ni nepi iliyokaa na mkojo muda mrefu, ni maji machache sehemu yenye ukame, ni maambukizi ya mkojo. Fangasi inatibika kwa dawa ya kupaka mliyonayo hapo dirishani, na maambukizi ya mkojo yana dawa yake. Ukimwambia bibi hakuna kitu kama hicho anakuona mtoto wa mjini usiyejua kitu. Ukimwambia mama, mtoto akitoka hivi vipele mlete siku hiyo hiyo, nina dawa, akapona kwa wiki moja bila kuguswa na wembe, huyo mama anakuwa na jibu la kumpa mama mkwe wake. Kina mama wanaojifungua hapo kwenu wafundisheni kabla hawajatoka wodini, kusafisha kwa maji safi tu kutoka mbele kwenda nyuma, kubadili nepi, na kwamba ule uvimbe kidogo na ute mweupe, hata tone la damu, wiki za mwanzo ni homoni za mama zinatoka mwilini mwa mtoto. Fikiria ni vichanga wangapi wamekatwa kwa sababu ya ute ambao ungeisha wenyewe. Kwa hiyo inchaji wako anayeogopa wamama watakimbia kliniki mwambie hii ndo njia ya kuwabakisha, wamama hawakimbii kliniki inayotibu lawalawa, wanakimbia kliniki inayowatukana kwa lawalawa.

Swali lako la binti kufungwa. Nitakujibu kwa ukweli na sio kwa kukufariji. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kilichoingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinamhusu mtu mwenye malezi au uangalizi wa aliye chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitano kisichozidi kumi na tano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na fidia juu kwa aliyeumizwa. Kwa maandishi hayo mama anaweza kuguswa, bibi anaweza, ngariba anaweza. Nani ashtakiwe inategemea nani alifanya nini, na hiyo itajulikana kwa upelelezi, sio kwa wewe kukadiria. Kwa hiyo usimuahidi binti kwamba hatapata shida, na usimtishe kwamba atafungwa, yote mawili huna mamlaka nayo. Unachoweza ni kumweleza ustawi kila ulichokiona kinachoonyesha hali ya huyu binti, umri wake, bibi alivyojibu kwa niaba yake, mtoto ananyonya. Ustawi ana wajibu wa kuangalia mtoto akae wapi na alelewe na nani, na mtoto anayenyonya kutenganishwa na mama yake sio jambo la kukimbilia hata kwa ofisi yenyewe. Ukinyamaza ili kumlinda binti, unamuacha na bibi yule yule, na akizaa wa kike mwingine nyimbo ni ile ile.

Muulize pia, au ustawi amuulize, kama kuna watoto wengine wa kike hapo, wa kwake, wa mawifi, hata wale wakubwa kidogo waliopita kliniki kabla hujafika. Wakubwa wanaweza kuwa na shida ya mkojo isiyoisha ambayo kila siku mnaipa dawa bila kuangalia chini.

Sasa wewe mwenyewe, chumba. Taarifa ikifika ustawi waambie kabisa unaishi nyumba ya ndugu wa familia hiyo, ili wanapokuja wasipite kwanza zahanati kukusalimia wakiwa na gari la halmashauri, yaani vitu vidogo kama hivyo ndo vinamuumbua mtu. Waje kama ufuatiliaji wa watoto waliokosa chanjo au ziara ya kawaida ya kijiji. Tafuta chumba kingine taratibu, bila vurugu, anza wiki hii. Ukipata vitisho hiyo nayo ni ripoti ya polisi na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya iambiwe, wewe ni mtumishi wao.

Na kadi ya kliniki ya mtoto, hiyo inayokaa nyumbani kwao, usiandike humo habari za ukeketaji wala ustawi. Andika rufaa ya maumivu ya mkojo na tarehe ya kurudi basi. Maelezo kamili yakae kwenye kumbukumbu za kituo na kwenye fomu ya rufaa ndani ya bahasha iliyofungwa. Akirudi mpe hiyo Penta ya tatu, kuharisha au kulia wakati wa kukojoa sio sababu ya kumnyima, na humo ndani ya Penta kuna kinga ya pepopunda.

Niandikie ukishapiga simu, nataka kujua habari ya yule wa wiki tatu.

Shangazi